Jiko Liko Wapi?

Shangazi yangu alipokuja Marekani kunitembelea, nilikuwa nimemwandalia ratiba ya kumpeleka kwenye maghorofa marefu, madaraja na maduka makubwa, kama tunavyofanya sote tunapopokea mgeni kutoka nyumbani. Aliisikiliza ratiba ile mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa upole kwamba majumba ya vioo alikwisha kuyaona Dubai alipopita, na kwamba yeye angependa kuziona nyumba walizokaa watu wa huku zamani, kabla ya umeme na lifti. Shangazi amezaliwa Malindi, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ameolewa mtaa wa pili, na kwa zaidi ya miaka 70 ya umri wake hajakaa katika nyumba isiyokuwa ya mawe na chokaa. Akiugusa ukuta anajua kama unanyonya maji, na akitazama juu anajua boriti ipi imechoka. Basi niliichana ratiba yangu, tukapakia vitu garini, na kwa muda wa wiki tatu tukashuka kutoka Massachusetts hadi Florida tukiingia nyumba za watu waliokufa zamani.

Ya kwanza ilikuwa Derby House mjini Salem, kaskazini ya Boston, si mbali sana na mahali ninapoishi. Ni nyumba ya matofali iliyojengwa mwaka 1762 kwa ajili ya Elias Hasket Derby, kijana wa familia ya wafanyabiashara wa baharini, na mpaka leo imeelekea gati refu lenye jina la ukoo wake. Mwongozaji alitueleza habari za ngazi, za nakshi za mbao na za vyombo vya mezani. Shangazi alinitaka nimfasirie kila neno, akaitikia kwa adabu, akasifu kazi ya seremala, kisha akauliza swali ambalo lilitufuata safari nzima: "Jiko liko wapi?"

Tulipotoka nje nilimuuliza kwa nini alikuwa na haraka ya jiko. "Mwanangu," alinijibu, "sebuleni mtu hukuonyesha anachotaka ukione. Ukitaka kujua nyumba iliendeshwa na nani, nenda jikoni, nenda uani, utazame moshi ulipopitia na maji yaliletwa kutoka wapi." Nimetembelea nyumba kongwe nyingi katika miaka 11 niliyokaa huku, na nakiri kwamba kabla ya safari hii sikuwa nimewahi kuuliza swali hilo hata mara moja. Nilikuwa nikiingia kwa mlango wa mbele, nikisikiliza habari za mwenye nyumba na mkewe na wageni wao mashuhuri, na nikitoka kwa mlango uleule.

Salem ilistahili kuwa mwanzo wetu kwa sababu nyingine pia. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alitia saini mkataba wa biashara na Marekani kupitia mjumbe Edmund Roberts, na balozi mdogo wa kwanza wa Marekani kufika Zanzibar, Richard Waters, aliyeanza kazi mwaka 1837, alikuwa mtu wa Salem. Kwa miaka mingi meli za mji huu mdogo ndizo zilizotia nanga mbele ya forodha ya Zanzibar zikipakia pembe za ndovu, ngozi, karafuu na sandarusi, ile gundi ya mti iliyokuwa ikichimbwa ardhini katika bara la Mrima, ambayo Wamarekani waliisafisha na kuigeuza vanishi. Kitu walichotuletea zaidi ya vyote kilikuwa kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kigumu, cha bei nafuu, ambacho watu wa pwani walikiita kwa jina la kule kilikotoka. Neno merikani tunalo mpaka leo. Bibi yangu alishona foronya na magodoro ya merikani maisha yake yote, na sidhani kama aliwahi kuambiwa kwamba jina lile lilianzia kwenye mashine za Massachusetts, na kwamba pamba iliyoingia katika mashine hizo ililimwa na watumwa wa kusini ya nchi hii.

Nilimweleza Shangazi hayo tulipokuwa tukitembea Chestnut Street, mtaa ambao wengi huuhesabu kuwa miongoni mwa mitaa mizuri kuliko yote ya Marekani, na kwa kweli ni mzuri: nyumba za ghorofa tatu za matofali mekundu, milango yenye nguzo, miti mikubwa pande zote mbili. Mabaharia waliostaafu na wenye meli ndio waliojenga hapa mwanzoni mwa karne ya 19. Jengo nililotaka alione ni Hamilton Hall, ukumbi wa sherehe uliojengwa mwaka 1805 kwa ramani ya Samuel McIntire, fundi seremala na mchonga nakshi aliyeupa mji wa Salem sura yake. Watu huja kuutazama ukumbi wa dansi na vioo vyake. Sisi tulifuata habari za mpishi.

Mpishi huyo ni John Remond, mtu mweusi aliyeletwa Salem na meli kutoka Curaçao akiwa bado mtoto. Alikua, akajifunza kazi, akawa mwandalizi mkuu wa karamu za Hamilton Hall, na yeye na mkewe Nancy waliishi na kulea watoto wao katika jengo lilelile ambamo matajiri walikuja kula na kucheza. Mtoto wao wa kiume, Charles Lenox Remond, akawa mmoja wa wasemaji wakubwa wa kupinga utumwa. Binti yao Sarah Parker Remond alivuka bahari kwenda Uingereza, na mwaka 1859 alisimama mbele ya watu wa Manchester, mji ulioishi kwa viwanda vya nguo, akawaambia waziwazi kwamba pamba wanayoisokota imepaliliwa na watu wasiolipwa chochote. Baadaye alisomea udaktari Italia, na huko ndiko alikofia mwaka 1894. Jambo hilo lilinishika sana. Mtoto wa mpishi, aliyekulia chini ya ukumbi wa wafanyabiashara wa Salem, ndiye aliyeufuata uzi wa pamba mpaka mwanzo wake. Shangazi alisikiliza kimya, kisha akasema kwamba mtoto anayekulia jikoni husikia yanayosemwa juu na yanayosemwa chini.

Kutoka Salem tulishuka Connecticut, kwenye vijiji viwili karibu na mdomo wa Mto Connecticut, Deep River na Ivoryton. Jina la kijiji cha pili lina maana ya mji wa pembe, na si pambo. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, viwanda vya hapa vilikata pembe za ndovu kuwa vibao vyembamba vya kufunika vidude vya piano. Kabla ya piano vilikata vitana. Vibao hivyo vilipangwa kwenye mabanda yenye mapaa ya vioo ili jua livifanye vyeupe, na picha za zamani zinaonyesha safu ndefu za mabanda hayo kando ya viwanda. Pembe nyingi zilipitia Zanzibar. Zilitoka bara mabegani mwa wapagazi, wengine wa kulipwa na wengine watumwa, hadi Bagamoyo na bandari nyingine za Mrima, kisha majahazi, kisha forodha, kisha meli za Wamarekani, mpaka kwenye sebule za watu waliotaka binti zao wajifunze muziki.

Deep River ina nyumba ya mawe iliyojengwa mwaka 1840, ambayo sasa ni makumbusho ya kijiji. Mawe yake ya matale hayafanani na matumbawe yetu, lakini Shangazi alifurahi kuona ukuta mnene baada ya mbao nyingi za Salem. Kilichomsumbua, na kinachonisumbua hata sasa ninapoandika, ni habari za George Read, mmoja wa waanzilishi wa kazi ya pembe kijijini. Mtu huyu alipinga utumwa kwa dhati. Alimpokea nyumbani kwake mtumwa aliyetoroka kutoka kusini, akamsaidia kubadili jina na kuitwa William Winters, na Winters akaishi Deep River miaka mingi kama mtu huru. Sina sababu ya kutilia shaka imani ya Read. Lakini malighafi iliyomtajirisha ilikuwa imebebwa, kwa sehemu, na watu waliofungwa minyororo katika upande mwingine wa dunia, na hao hawakuweza kugonga mlango wake. Shangazi aliniuliza kama Read alikuwa akijua. Hatukupata jibu la kuridhisha, na nadhani ni afadhali swali libaki wazi kuliko kulifunga kwa kumsingizia ama kumsafisha.

New York tulikaa siku moja tu. Nilimpeleka kwenye jengo namba 97 la Orchard Street, lililojengwa mwaka 1863 kwa wapangaji maskini. Watu wapatao 7,000 kutoka nchi zaidi ya 20 waliishi humo mpaka mwaka 1935, na tangu mwaka 1988 ni makumbusho. Humo Shangazi hakuhitaji kuuliza swali lake. Kila makazi yalikuwa na vyumba vitatu vilivyofuatana, vyote kwa pamoja mita 30 za mraba hivi, na chumba cha kati ndicho jiko. Huwezi kutoka chumba cha kulala kwenda chumba cha mbele bila kupita kwenye jiko. Alikaa pale muda mrefu akitazama jiko la makaa na beseni la kufulia, akasema kuwa mwanamke wa nyumba hii hakuwa na mahali pa kujificha.

Philadelphia wageni wengi huenda kwenye Elfreth's Alley, kichochoro chenye nyumba 32 ndogo za matofali zilizojengwa kati ya mwaka 1728 na 1836, ambamo waliishi mafundi wa kila aina, na ambacho wakaazi wenyewe walijiunga mwaka 1934 kukilinda kisibomolewe. Ni kichochoro kinachopendeza. Shangazi alisema upana wake unamkumbusha nyumbani, mahali ambapo watu wawili wakipishana mmoja lazima ageuze bega. Lakini nyumba iliyotutia uzito zaidi mjini humo ni nyumba ambayo haipo tena. Philadelphia ilipokuwa makao makuu ya nchi, kuanzia mwaka 1790 hadi 1800, marais George Washington na John Adams waliishi katika nyumba ya kupanga iliyosimama hatua chache kutoka mahali ambapo Azimio la Uhuru lilipitishwa. Nyumba hiyo ilibomolewa katika karne ya 19. Mwaka 2007 wanaakiolojia walichimba pale, na walichokikuta chini ya ardhi kilikuwa, pamoja na mambo mengine, msingi wa jiko na njia ya chini kwa chini iliyotumiwa na watumishi kwenda na kurudi kati ya jiko na nyumba kubwa.

Washington alikuwa na watumwa 9 katika nyumba hiyo. Mpishi wake aliitwa Hercules, mtu aliyesifika mji mzima kwa mapishi yake na kwa mavazi yake anapotoka jioni. Ona Judge alikuwa kijana wa kike aliyemhudumia mke wa rais. Mwaka 1796, familia ilipokuwa mezani ikila, alitoka akapanda meli kwenda New Hampshire na hakurudi tena, ingawa rais alituma watu wamfuate. Hercules naye alitoroka mwaka uliofuata. Misingi ile imeachwa wazi chini ya kioo. Mtu anainama anaona mawe na matofali tu, lakini Shangazi aliinama kuliko wote tuliokuwapo. "Hapa jiko limebaki na nyumba imeondoka," alisema, na nilipomfasiria bibi mmoja Mmarekani aliyekuwa kando yetu, bibi yule alinyamaza kimya, kisha akanishika mkono.

Ningependa sasa niende taratibu, kwa sababu tumefika Charleston, Carolina Kusini, na Charleston ndiyo iliyonibadilisha.

Mji huu una nyumba za aina yake, nyembamba, zenye upana wa chumba kimoja, zilizosimama ubavu kwa barabara. Ubavu ule mwembamba ndio unaoelekea mtaani, na upande mrefu wa nyumba una baraza za ghorofa mbili au tatu, mara nyingi zikielekea kusini au magharibi ili zipokee upepo. Mgeni huona mlango wa heshima barabarani, akadhani anaingia nyumbani, kumbe mlango ule unamfikisha barazani. Mlango wenyewe wa nyumba uko katikati ya baraza, ndani zaidi. Shangazi aliposimama mbele ya mlango wa kwanza wa namna hiyo alicheka kwa furaha. "Hili ni daka!" alisema, na sikuwa na la kumpinga. Katika nyumba zetu za mawe za pwani, mlango wa nje hukupokea kwenye daka, na mtu asiye wa ndani huishia hapo, hasogei mpaka akaribishwe. Sidai kwamba nyumba hizi zina asili moja. Joto, unyevu na hamu ya kuificha nyumba isionekane mtaani vinaweza kuwafundisha watu wa pwani mbili jambo moja. Kwenye kuta nyingi utaona pia vyuma vya mviringo vimebandikwa nje; hivyo ni vichwa vya nondo zilizopitishwa kuzikaza nyumba baada ya tetemeko kubwa la mwaka 1886.

Charleston ilikuwa ya kwanza nchini Marekani kuweka, mwaka 1931, sheria ya kuulinda mtaa mzima wa kale badala ya jengo moja moja. Kwa hiyo ukitembea kusini ya Broad Street unatembea katika mji kamili wa karne ya 18 na 19, na uzuri wake unaweza kukulevya. Dawa ya kukulevua ulevi ule ni nyumba ya Aiken-Rhett.

Nyumba hii ilijengwa yapata mwaka 1820 na baadaye ikawa ya William Aiken, tajiri wa mashamba ya mpunga aliyepata kuwa gavana wa jimbo. Wanaoitunza sasa waliamua jambo ambalo nyumba nyingi za makumbusho hazithubutu kulifanya: hawakuipaka rangi upya, hawakubandika karatasi mpya ukutani, hawakuleta samani za kujazia. Wanazuia isiendelee kuharibika, basi. Karatasi za ukutani zimening'inia, plasta imebanduka ikaonyesha fito, vumbi la wakati limekaa mahali pake. Nimesikia wageni wakilalamika kwamba wamelipa kiingilio kuona gofu. Mimi naona hii ndiyo nyumba ya kweli kuliko zote nilizoziona Marekani, kwa sababu hakuna mkono wa leo uliojitia kati yako na watu wa jana.

Na uani kumebaki. Nyumba nyingi za mjini zilipoteza majengo ya nyuma. Yaligeuzwa gereji, yakabomolewa, yakawa bustani. Hapa jiko liko, mahali pa kufulia pako, banda la farasi na magari ya kukokotwa liko, na juu ya jiko viko vyumba walimolala watumwa, kando ya ujia mwembamba. Ukuta mrefu umezunguka ua wote, hivi kwamba asiyekuwa na ruhusa hatoki wala haingii. Baadhi ya majina yao yanajulikana: Ann Greggs na mwanawe Henry, Dorcas na Sambo Richardson na watoto wao. Tulipanda ngazi ya jiko. Vyumba vile vina mabaki ya rangi za zamani ukutani, na vimepata joto la moto uliowaka chini mchana kutwa, majira ya joto na majira ya baridi. Shangazi alisimama kwenye mlango wa chumba kimoja, akapima kwa macho mahali ambapo kitanda kingewekwa na mahali ambapo mtoto angelala, kama apimavyo mama anayetaka kuhamia. Hakusema neno. Tuliposhuka aligusa matofali ya ukuta wa ua kwa kiganja. Katika matofali ya mji huu, ukitazama kwa makini, mara mojamoja utakuta alama za vidole vya walioyafinyanga yakiwa mabichi, nyingine ndogo, za watoto. Nimeona watu wakiweka vidole vyao ndani ya alama zile ili wapigwe picha. Shangazi alikataa kufanya hivyo. Alisema kidole kile kina mwenyewe.

Savannah, jimboni Georgia, ni mji uliopangwa mwaka 1733 na James Oglethorpe kwa viwanja vya wazi vilivyozungukwa na nyumba. Mpango huo ulifikia viwanja 24, na 22 vipo mpaka leo, vyenye kivuli cha miti mikubwa. Watu wa Savannah hupenda kusimulia jinsi mji wao ulivyookolewa. Mwaka 1954 soko lao la kale lilibomolewa ili pajengwe gereji ya kuegesha magari, na mwaka uliofuata, ilipojulikana kwamba nyumba ya Isaiah Davenport ya mwaka 1820 nayo ingebomolewa, wanawake 7 walichangisha dola 22,500 wakainunua. Kazi yao ikazaa taasisi iliyookoa mamia ya majengo. Nawaheshimu wanawake wale kwa moyo wote. Wangechelewa kidogo tu, tusingekuwa na Savannah ya kutembelea. Lakini nilimwonyesha Shangazi pia upande wa magharibi, kwenye barabara iliyoitwa West Broad Street na sasa ina jina la Martin Luther King, uliokuwa moyo wa biashara za watu weusi. Huko stesheni ya reli ilibomolewa mwaka 1963 na barabara kuu ya magari ikapitishwa juu ya mtaa, katika miaka ileile ambayo mji ulikuwa unajifunza kuzipenda nyumba zake kongwe. Shangazi alitazama nguzo za zege na akauliza watu walikwenda wapi.

Nyumba ya Owens-Thomas ilikamilika mwaka 1819 kwa ramani ya William Jay, kijana kutoka Uingereza, na ina mabomba ya maji ya ndani yaliyotangulia wakati wake, pamoja na daraja dogo la mbao linalounganisha pande mbili za ghorofa ya juu. Tangu mwaka 2018 jina lake rasmi limeongezwa maneno ya kuyataja makazi ya watumwa, na ziara huanzia huko, uani. Nilimwona Shangazi akikaa sawa. Kwa mara ya kwanza tulikuwa tunaongozwa kwa njia yake. Kwenye dari na kuta za makazi hayo kumebaki rangi ya buluu hafifu iliyochanganywa kwa nili, chokaa na maziwa ya mgando. Watu wa Kigulla-Geechee wa pwani hii, kizazi cha watumwa waliotoka Afrika, walipaka buluu hiyo ili pepo wabaya wasiingie. Shangazi alifasiriwa, akatikisa kichwa taratibu. Nyumbani kwake juu ya kizingiti cha mlango iko karatasi iliyokunjwa ambayo babu yake aliiandika. Aliniambia kwamba mtu asiye na kufuli hujifungia kwa alichonacho.

Usiku ule, tulikolala, ndipo aliponieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia katika ukoo wetu. Nyumba aliyozaliwa Malindi ilikuwa na vyumba vya chini, karibu na kisima, visivyo na madirisha ya mtaani. Alipokuwa mdogo alikaa humo bibi kizee aliyeitwa wa nyumbani, ambaye alipika, alifua, aliwalea watoto, na alikula baada ya wote. Utumwa ulikuwa umefutwa kisheria Zanzibar tangu mwaka 1897, na soko la watumwa limefungwa mwaka 1873, lakini mama yake bibi yule alikuwa amenunuliwa, na binti aliendelea kukaa alipokaa mama. Hakuna mtu aliyeeleza walikotoka. Shangazi alijua jina lake moja tu, jina la kupewa. "Nimekuwa nikiwauliza Wamarekani jiko lao liko wapi," alisema, "na mimi sijalisimulia la kwetu." Tunapowaongoza wageni katika Mji Mkongwe tunawaonyesha milango ya nakshi, njumu za shaba na roshani, tunawapeleka pia mahali lilipokuwa soko, kana kwamba utumwa ulikaa pale pekee. Uani mwa nyumba zetu wenyewe tunapita haraka.

Kituo chetu cha mwisho kilikuwa shamba la Kingsley, kwenye kisiwa cha Fort George karibu na Jacksonville, Florida. Nyumba kubwa ni ya mbao, ya mwishoni mwa karne ya 18, imetazama mto. Zephaniah Kingsley, mfanyabiashara wa watumwa na mwenye mashamba, alihamia hapa mwaka 1814 pamoja na mkewe Anna Madgigine Jai, mzaliwa wa Senegali aliyemnunua Havana mwaka 1806 akiwa na umri wa miaka 13 na kumwachia huru mwaka 1811. Anna naye, baada ya kuwa huru, alimiliki watumwa. Kingsley aliwaleta watu kutoka pande nyingi za Afrika, na katika kumbukumbu za mashamba yake hata Zanzibar imetajwa.

Kutoka nyumba kubwa unatembea kama mita 300 na unayaona makazi ya watumwa, vibanda 25 vilivyobaki kati ya 32, vimepangwa kwa upinde kama mwezi mwandamo. Vimejengwa kwa tabi. Makombe ya chaza, mengi yakiwa yamerundikwa pwani na wenyeji wa asili kwa karne nyingi, yalichomwa yakawa chokaa. Chokaa ikachanganywa na mchanga, maji na makombe mengine mazima, ikamiminwa kwenye mbao za kukingia, ikaachwa igande. Shangazi aliukaribia ukuta wa kibanda cha kwanza na kuutazama kwa muda. Kisha akaanza kunieleza, pasipo mwongozaji, jinsi wanavyochoma matumbawe kwetu: magogo yanavyopangwa kwa duara, mawe yanavyowekwa juu, moto unavyowaka usiku kucha, na jinsi chokaa mbichi inavyotaka kunyweshwa maji kwa subira kabla haijafanya kazi. Aliiponda chembe iliyokuwa imedondoka chini, akaisugua vidoleni. "Imechomwa vizuri," alisema. "Aliyeichoma alikuwa fundi."

Vibanda vingi havina paa tena. Kila kimoja kilikuwa na vyumba viwili na meko, na meko yanaonekana bado, yamesimama ukutani, nyasi zikiota mahali palipokuwa na majivu. Shangazi aliingia kimoja kwa kutanguliza mguu wa kulia, akatoa salamu kama mtu anayeingia nyumba yenye watu, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye meko. Aliinama akaondoa matawi makavu yaliyokuwa yameangukia ndani, moja baada ya moja, akayaweka nje ya mlango.